Kabari ya Mzee Kigoda

Barua ilikuwa ya mistari sita tu, na Tindo aliisoma mara tatu akiwa amesimama, kwa sababu aliona kukaa kungekuwa kama kukubali. Alhamisi saa tatu asubuhi, ilisema barua, fundi wa mashine atafika katika karakana ya makumbusho kuitoboa sanamu ya Mtawala Aliyeketi, kuanzia chini ya kitako mpaka ndani ya kichwa, ili ipitishwe nondo ya chuma. Baada ya hapo sanamu itapandishwa juu ya nguzo katika ukumbi mpya. Idara ya utunzaji inaombwa kutoa ushirikiano. Idara ya utunzaji ilikuwa ni yeye Tindo, meza mbili, sinki moja na feni inayozunguka ikijisikia.

Nyuma ya barua ilibanwa rasimu ya maelezo yatakayobandikwa ukutani, na hapo ndipo damu ilipomchemka hasa. "Kichwa kikubwa kupita kiasi na mkao unaoyumba," yalisema maelezo, "vinaonyesha kwamba mchongaji wa kale hakuijua vyema mizani. Macho yaliyoelekezwa juu ni ya mtawala asiyewajali watu walio mbele yake."

"Mizani unaijua wewe," Tindo aliiambia karatasi, "ambaye hata picha ya ofisini kwako umeitundika upande."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Makumbusho nzima, kuanzia mlinzi wa getini, walimwita Tindo, kwa ile patasi ngumu ya kukatia mawe, na hawakuwa na maana ya vifaa vyake vya kazi. Walikuwa na maana ya ulimi. Karakana aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa fundi pale kwa miaka ishirini na sita, na siku ya kustaafu wakampigilia kibao cha shaba juu ya mlango chenye jina lake kwa herufi kubwa. Tindo alikipangusa kibao kile kila Jumatatu. Leo ilikuwa Jumatatu, na kitambaa kilikuwa bado mfukoni.

Aligeuka akamtazama Mzee Kigoda. Ndivyo wafanyakazi walivyomwita. "Mtawala Aliyeketi" lilikuwa jina la kwenye makaratasi. Alikuwa wa jiwe la hudhurungi, kimo chake kama cha mtoto wa miaka minne, ameketi kwenye kigoda juu ya jukwaa fupi la mbao. Kichwa kilikuwa theluthi ya mwili mzima. Shingo hana, kidevu kimesogea mbele, na juu kabisa limekaa taji la duara kama kifuniko cha chungu. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mkono wa kushoto umelala gotini, vidole vyake vimetengwa kwa mistari mitatu tu, na mkono wa kulia umekunja ngumi na kuisukuma mbele. Uso mzima ulikuwa na makato kumi na moja. Tindo alishayahesabu mara nyingi, kila mara akitafuta moja ambalo lingeweza kuachwa, na kila mara akiambulia patupu.

Miaka kumi alikuwa ameishi na jiwe lile, akining'iniza uzi wa timazi wa kupimia wima mbele yake na kando yake. Alijua bega halikushuka kwa bahati mbaya. Lilishushwa na kurudishwa nyuma kidogo kwa sababu ngumi ya upande wa pili imekwenda mbele. Alijua kigoda kimeachwa kizito kwa nyuma. Mtu anayewaza hivyo juu ya bega hawezi kuja kusahau kichwa. Lakini kulikuwa na jambo moja la kuudhi: chini ya kitako, upande wa mbele, ilichomekwa kabari ya mbao, nene kama vidole viwili, nyeusi kwa uzee, na bila kabari ile Mzee Kigoda angeanguka kifudifudi. Ilikuwepo tangu Tindo hajaajiriwa. Siku ya kumkabidhi funguo, baba yake alimwachia maagizo mawili: usiiguse kabari, usiliguse taji.

Alikwenda kwa Mkurugenzi bila kupiga simu kwanza.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linamkera Tindo. Mtu mbaya unajua pa kumshikia. Huyu alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya watoto, akamwagizia chai ambayo hakuitaka.

"Umepata barua yangu, Bi Tindo."

"Nimeipata. Nani amekwambia jiwe lile linatoboleka? Kifua chake ni chembamba hapa kwapani, kimekatwa mpaka mwanga unapita. Mashine ikifika hapo utamzoa Mzee Kigoda kwa ufagio."

"Mhandisi amepiga hesabu. Uzito wa sanamu unaangukia mbele ya kitako. Tukimpandisha kwenye nguzo bila nondo, siku moja atamwangukia mtoto wa watu." Akamsukumia ripoti mezani. Tindo alitazama sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa, akaitambua hata kabla ya kusoma jina.

"Huyu ni shemeji yangu."

"Hata sikujua," alisema Mkurugenzi, ambaye alijua vizuri sana. "Lakini hesabu hazina ushemeji. Niletee sababu ya kutotoboa, Bi Tindo, sababu ya maandishi. Hasira siwezi kuiweka kwenye faili."

"Nikiileta?"

"Ukiileta nitasimamisha. Unadhani mimi napenda kutoboa vitu?"

Shemeji yule alikuwa mdogo wa mumewe, mtu mcheshi aliyekula kwa Tindo siku tatu katika wiki na kusifia kila alichowekewa. Tindo alimpigia simu akiwa bado kwenye ngazi. "Njoo karakana sasa hivi. Na uje umeshiba kabisa, maana kwangu leo huli."

Alikuja na kompyuta yake kwapani na tabasamu la kuomba amani. "Shemeji, mbona umekunja uso hivyo? Nimefanya nini tena?"

"Ulimpima vipi Mzee Kigoda?"

"Kwa picha. Mashine inapiga picha pande zote, kompyuta inaunda umbo, inalijaza, inatoa uzito."

"Inalijaza nini?"

"Jiwe. Si sanamu ya jiwe?"

"Nani aliiambia kompyuta kwamba ndani kuna jiwe?"

Hakumngoja ajibu. Alimshika mkono wa shati akamwingiza ghalani, mpaka rafu ya chini kabisa, ambako vilikaa vichwa vitatu vya mawe vilivyovunjika, nyuso zimeelekezwa ukutani. Vilichimbuliwa kwenye kilima kilekile, miaka kumi baada ya Mzee Kigoda kuletwa. Alikigeuza kimoja. Utosini palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na ndani kilikuwa kitupu, kimekombwa kama kibuyu.

"Walitaka kichwa kikubwa kwa sababu jicho la mtu linakimbilia kichwa," alisema Tindo. "Watu wakimtazama mtawala, waone uso kwanza, magoti baadaye. Lakini walijua kichwa kikubwa kitamvuta mbele. Kwa hiyo wakakikomba. Huyo ndiye mtu ambaye hakuijua mizani."

Shemeji alichuchumaa hapohapo, akafungua kompyuta juu ya mapaja na kuibonyeza kwa muda. Tabasamu lilimwisha pole pole, likaja jingine, la mtu aliyeona kitu kizuri. "Kichwa kikiwa kitupu, uzito unarudi ndani ya kitako kabisa. Anakaa, shemeji. Anakaa vizuri kuliko mimi hapa." Halafu akainua macho. "Sasa kama anakaa, kabari ya nini?"

Kwa miaka kumi Tindo alikuwa na jibu la swali hilo, na sasa alipolitafuta aliona kwamba halikuwa jibu, lilikuwa sauti ya baba yake ikisema usiguse.

Walirudi karakana na kile kichwa. Aligonga kichwa kilichovunjika kwa kifundo cha kidole, kikalia. Akamgonga Mzee Kigoda utosini. Sauti ilikuwa nzito, iliyokufa. Ndipo akafanya alichokatazwa: akachukua sindano ya kazi na kukwaruza katikati ya taji, palipopakwa rangi ya hudhurungi kufanana na jiwe. Unga uliotoka ulikuwa wa kijivu. Alidondoshea siki, ukatoa povu. Akakwaruza zaidi, akakuta chuma kilichokatwa kwa msumeno, kimeshika kutu.

"Saruji," alisema shemeji kwa sauti ya chini. "Hii ni saruji ya dukani, ya mfuko. Mtu amekijaza kichwa."

Tindo alikuwa ameshapiga magoti. Aliimulika kabari kwa tochi ya simu, akailowanisha kwa pamba na kuifuta pole pole upande mmoja. Chini ya uchafu ilitokea rangi ya kijani. Hakuhitaji kutafuta mbali. Fremu ya mlango wa ghala ilikuwa ya kijani kilekile, na pale chini kushoto ilikuwa na kipande kilichokatwa na kuzibwa kwa ubao mwingine, kazi safi kabisa, kiungo cha mkia wa njiwa, meno ya mbao yameingiliana. Mtu mmoja tu katika makumbusho ile alijua kuunga mbao namna hiyo, na jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa shaba.

Baba yake aliishi kwake, chumba cha uani, na saa za alasiri alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha akisikiliza redio. Hasira au si hasira, shikamoo ilitangulia.

"Marahaba. Umerudi mapema."

Tindo alimfungulia karatasi juu ya goti. Ndani yake kulikuwa na kijiko kimoja cha unga wa kijivu. Mzee aliipunguza redio ambayo ilikuwa chini tayari.

"Umeligusa taji."

"Nimeligusa."

Akaeleza. Hakujificha, na hilo nalo lilimkasirisha Tindo, kwa sababu maneno yalitoka kwa urahisi kama yaliyokuwa yamepangwa mdomoni miaka yote. Zamani ile hakukuwa na winchi. Kulikuwa na kapi, kamba na magogo matatu. Kamba iliteleza kwenye mabega ya sanamu mara mbili. Mkubwa wa wakati ule alitaka sanamu iwe ndani kabla ya wageni. "Tundu lilikuwepo utosini, tayari kabisa. Nikatia pete ya chuma, nikamimina saruji. Siku ya pili akanyanyuka bila taabu. Nikaikata pete. Nilipomshusha akanilalia hapa." Akajigusa kifuani. "Nikakata kabari."

"Halafu?"

"Halafu wakaja maprofesa. Wakazunguka, wakaandika. Kichwa kikubwa, fundi wa kale hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ufagio, nina miaka miwili kazini. Nani anamuuliza mtu mwenye ufagio?"

"Ufagio uliuacha, baba. Ukawa mkuu wa karakana. Vile vichwa vitatu vilipoletwa uliviona ni vitupu."

"Niliviona."

"Ukavigeuza ukutani."

Nje jirani alikuwa anakung'uta mkeka, na ilibidi wangoje amalize.

"Mlikuwa watano," alisema hatimaye. "Ningesema, ningemwaga unga."

"Ungemwaga unga mwaka wa kwanza, ningekuelewa. Hata wa kumi. Hii ni miaka thelathini na nne. Kuna mtu alikaa akawaza bega, akawaza ngumi, akawaza kichwa, akakipata, akafa. Wewe umemtwika kosa lako kwa sababu hana mdomo. Kila siku watoto wa shule wanapita pale wanaambiwa yule hakujua kazi. Na mimi ukaniacha niipanguse vumbi kabari yako kama kitu cha kale."

"Usinipazie sauti."

"Sijapaza."

Kweli hakuwa amepaza, na wote wawili waliona kwamba hilo lilikuwa baya zaidi.

"Alhamisi wanamtoboa," alisema Tindo. "Kifua kitapasuka. Ukija ukasema, hawatoboi."

"Kibao changu watakiondoa."

"Watakiondoa."

"Na wewe? Watakutazama vipi pale? Mtoto wa mwongo."

"Wanitazame. Sura ninayo."

Mzee aliikunja karatasi yenye unga, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka ikawa ndogo kama kidonge. "Siendi," alisema.

Jumanne na Jumatano Tindo alimpikia, akamwekea sahani mbele yake, akaondoka bila neno. Haikuwa hasira nzuri. Mumewe alijaribu kuwapatanisha kwa utani, akaona hali ilivyo, akaenda zake kuangalia mpira kwa jirani. Usiku wa kuamkia Jumatano Tindo hakulala sana, na alfajiri alikwenda kazini na ripoti ya kurasa tano, hesabu mpya za shemeji zikiwa nyuma yake pamoja na sahihi ya kukiri kwamba za kwanza alidhania tu.

Mkurugenzi aliisoma yote. Alikuwa msomaji mzuri, hakuruka ukurasa.

"Nakubali," alisema. "Lakini tazama hapa. Nikisimamisha nondo, ni lazima saruji itoke, la sivyo tunabaki na mtu anayeanguka. Saruji ikiwa imeshikana na jiwe, ukiigonga unapasua uso. Huo ni ubaya uleule kwa mlango mwingine. Nani alimimina? Alimimina vipi? Bila hilo siwezi."

"Baba yangu."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Bi Tindo. Jina lake liko juu ya mlango. Una hakika unataka niandike hivyo?"

"Andika."

"Basi aje yeye mwenyewe aeleze. Kumtaja hakunisaidii kujua kilichomo kichwani mle. Asipokuja, kesho saa tatu palepale."

Alhamisi fundi wa mashine alifika saa tatu kasoro robo, mtu mpole mwenye mito ya magotini na mashine ndefu ndani ya sanduku. Alishaandaa kitanda cha mifuko ya mchanga ambapo Mzee Kigoda angelazwa chali, na alikuwa na chaki ya kuweka alama. Mkurugenzi alisimama kando akitazama saa. Shemeji alikuja pia, kwa sababu aliona aibu kutokuja. Tindo alisimama kati ya mashine na jiwe.

"Mama, mimi nimetumwa tu," alisema fundi wa mashine.

"Najua, baba. Sina ugomvi na wewe. Lakini hupiti."

"Bi Tindo," alisema Mkurugenzi, "usinifanye niite mlinzi."

"Mwite. Ila mwambie aje na mwenzake, mmoja hatanitosha."

Mlinzi alikuja kweli, lakini alikuja akimtangulia mtu. Nyuma yake alikuwa baba yake Tindo, shati limepigwa pasi, juu yake amevaa aproni yake ya zamani ya turubai, na begani ana mfuko wa vifaa ambao haujafunguliwa kwa miaka kumi. Alipita chini ya kibao cha shaba bila kukitazama. Alisalimia kila mmoja kwa zamu, hata fundi wa mashine, kisha akasema kabla hajaulizwa:

"Ni mimi niliyemimina. Nilitanguliza gunia."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa Tindo, ambaye aligeuka akatazama utosi wa Mzee Kigoda.

"Gunia bichi, la katani," aliendelea mzee. "Nililipaka tope, nikalitandaza ndani ya kichwa pande zote, ndipo nikamimina. Saruji haijagusa jiwe. Na mchanga nilitia mwingi, saruji kidogo. Nilikuwa na nia ya kuitoa siku ya tatu. Siku ya tatu ndiyo waliyokuja maprofesa."

"Mzee," alisema Mkurugenzi taratibu, "na kama ukikosea leo?"

"Kukosea nimeshakosea. Leo nakuja kutoa."

Fundi wa mashine alifunga sanduku lake bila kuambiwa, akasogea ukutani.

Mzee alitoa tindo nyembamba na nyundo ndogo, akaweka ncha katikati ya utosi wa Mzee Kigoda, na hapo kila mtu akaona jinsi mkono wake unavyotetemeka. Yeye mwenyewe aliona. Aliutazama mkono kama unaoweza kuona aibu ukaacha. Kisha akampa binti yake vifaa.

"Anza kwenye chuma. Kisha nenda nje, pole pole. Utakuta uzi wa katani. Usifuate jiwe, fuata uzi."

Tindo alivipokea vifaa bila kumtazama. Hasira haikumtoka hata kidogo, lakini mikono ilikuwa yake na kazi ilikuwa yake, na alipopiga pigo la kwanza lilikuwa jepesi na mahali pake. Walifanya kazi mpaka saa nane. Mzee alikaa kwenye kigoda cha kazi karibu na kiwiko chake, sikio limeelekea kwenye jiwe, akisema "hapo" na "siyo hapo" na "ngoja", na mara zote alikuwa sahihi. Mara moja tindo ilitoa sauti kali, mzee akasema, "Huo ni mchanga tu, endelea." Vipande vilitoka vikiwa na nyuzi za gunia zimening'inia. Shemeji aliviweka kwenye ndoo, ndoo ikajaa, akaleta ya pili. Kipande cha mwisho kilitoka na mzizi wa ile pete, na Tindo alipoingiza mkono ndani ya kichwa alikuta alama za aliyekikomba, mifereji mifupi mifupi, imepangwa safi mahali ambapo hakuna aliyetarajiwa kuona.

Aligonga kwa kifundo. Kikalia.

"Sasa kabari," alisema shemeji, akasogea.

"Iache," alisema Tindo. "Aitoe aliyeiweka."

Baba yake alimtazama, akaona hatanii. Alishuka sakafuni kwa awamu, goti moja, mkono, goti la pili, akaishika kabari na kuivuta. Ilikataa. Akaitikisa kulia na kushoto, akavuta tena, ikatoka. Mzee Kigoda aliinama mbele. Mkurugenzi alitoa mlio mdogo, fundi wa mashine akanyoosha mikono yote miwili. Kisha jiwe likagusa mbao kwa sauti fupi, na basi. Hakutikisika. Shemeji alimsukuma begani kwa kidole, kisha kwa kiganja, na Mzee Kigoda akakaa kama mtu aliyekuwa akisubiri kwa muda mrefu watu watoke njiani.

Lakini uso ndio uliobadilika. Kabari ilikuwa imeinua kidevu, na kwa miaka thelathini na nne macho yale yalikuwa yakitazama dari. Sasa yalishuka. Yale makato mawili ya kope, ambayo Tindo aliyaona mazito mno bila kujua kwa nini, yalipata kazi yake: kivuli kiliingia chini yake, na mtawala akawa anatazama mbele na chini kidogo, pale ambapo mtu angekaa sakafuni kuleta shida yake. Baba yake Tindo alikuwa palepale, magotini, na kabari mkononi. Macho yalikuwa juu yake hasa.

Mkurugenzi alishika suruali yake ya suti kwa vidole viwili, akakaa chini kando ya mzee ili ahakikishe. "Ananitazama," alisema. "Nguzo haifai. Ukimpandisha juu atatazama juu ya vichwa vya watu. Bi Tindo, yale maelezo ya ukutani nayafuta. Yaandike wewe."

Baba yake hakusogea. "Ndivyo alivyonitazama siku ile nilipomshusha," alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Nilipochomeka kabari akatazama juu. Nikapata nafuu."

Tindo alilisikia neno hilo, nafuu, na hasira ikampanda upya mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwamba nafuu yake ilikuwa imelipiwa na mtu mwingine. Hakumwambia, maana mzee alikuwa akitazamwa bado, na hakuwa amegeuza uso.

Alimsaidia kuinuka. Mzee alijikung'uta magoti, akaitia kabari mfukoni mwa aproni, akapekua mfuko wa vifaa na kutoa bisibisi.

"Nishikie ngazi," alisema.

"Hakuna aliyekwambia ukitoe leo," alisema Mkurugenzi. "Mzee, hilo tutazungumza kwenye kikao."

"Nyinyi zungumzeni."

Ngazi ilikuwa ile ya mbao, yenye mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na Tindo alitia kitambaa chake cha kupangusia chini ya mguu ule ili isiyumbe. Baba yake alipanda vidato vinne, mkono mmoja ukiishika fremu ya mlango. Kibao kilikuwa na skrubu nne. Mbili zilitoka upesi. Ya tatu ilikuwa imeganda, akaisemesha kwa sauti ya chini kama zamani alivyozisemesha skrubu zote, na ngazi ikaanza kutikisika. Tindo aliishika kwa mikono miwili, bega lake limeegemea mguu wa baba yake. Alikuwa bado amekasirika, na aliishika kwa nguvu zake zote.